Juu ya Kiti cha Ijumaa, Pamoja na Watunzi Waliokufa

Nimestaafu. Najua mnacheka, chekeni tu. Nina miaka kumi na saba, magoti yangu ni mazima, na hakuna aliyenipa saa ya ukutani wala blanketi la kunishukuru. Lakini kazi niliyoianza nikiwa kidato cha pili nimeiweka chini, na mtu akiweka kazi chini anaitwa mstaafu. Mtihani wetu umekaribia, na mkuu wa shule ameamuru wa kidato cha nne watoke kwenye vilabu vyote, hata sisi tuliokuwa tunashughulika na wafu. Kwa hivyo nawaandikia nyinyi mtakaobaki na kwaya, hasa wewe Cherop, uliyerithi kiti. Kiti chenyewe kina mguu mmoja mfupi. Usiegemee kushoto.

Wale hamkuwahi kuona, kazi ilikuwa hivi. Kila Ijumaa baada ya masomo, kabla kwaya haijafungua mdomo, mtu mmoja alipanda juu ya kiti akasimulia maisha ya mtunzi ambaye wimbo wake tunaenda kuimba. Hiyo ilikuwa sheria ya Mwalimu Rono, mwalimu wetu wa muziki. Shule zingine zinaimba tu, halafu zinaenda kunywa chai. Sisi, hapa kilimani juu ya mashamba ya majani chai upande wa Kapsoit, hatukuimba mtu tusiyemjua. "Huwezi kuingia kwa nyumba ya mtu na kupikia kwa sufuria yake kabla hujamsalimia," alikuwa akisema.

Sheria yake ya pili: kwanza mtu, halafu jina. Unasimulia alizaliwa wapi, alikula nini, nani alimpiga, alikufa vipi, na jina unaliweka mwisho kabisa. Wakati huo kwaya imeshakisia, na wote wanalitaja kwa pamoja kama watu wanaoita ng'ombe. Ndiyo maana hata hapa siandiki majina ya hao watunzi. Mtakisia. Si mnajifanya mna akili?

Kazi hii niliipata kwa kukosa adabu. Mwalimu Rono alikuwa mrefu, mwembamba, suruali ameifunga karibu na kifua, na alitembea kama mtu anayeogopa kukanyaga vifaranga. Ijumaa moja alichelewa. Nikapanda juu ya kiti chake, nikavuta sketi mpaka mbavuni, nikaanza kuongoza kwaya na kijiko cha githeri. Watu walicheka mpaka wakalala kwenye madawati. Halafu wakaacha kucheka wote kwa wakati mmoja, na mimi si mjinga, nilijua nani amesimama nyuma yangu.

"Endelea," akasema.

"Mwalimu, nisamehe, nashuka."

"Ukishuka, unaenda kwa naibu. Ukikaa hapo juu, soma hii karatasi, halafu uwaambie. Si unapenda kuongea?"

Karatasi ilikuwa inahusu mtu mmoja wa zamani sana, Mwitaliano aliyepelekwa Ufaransa akiwa kijana, akapanda mpaka akawa mkubwa wa muziki wa mfalme. Alikuwa pia mcheza densi. Enzi hizo aliyeongoza muziki aligonga sakafu na fimbo ndefu ili watu washike mwendo. Sasa mfalme aliugua, akapona, na huyu bwana akaandaa muziki wa shukrani. Katikati ya shukrani akagonga kidole chake cha mguu. Kidonda kikaoza. Madaktari wakasema mguu ukatwe, akakataa, kwa sababu alikuwa mcheza densi. Uozo ukapanda ukammaliza.

"Watu wangu," nikawaambia kwaya, "huyu jamaa aliuliwa na fimbo ya kwaya. Nyinyi mnaosema mazoezi yanaua, mko na ushahidi."

Walicheka. Ombati, anayeimba besi kama trekta inayopanda mlima, akauliza, "Lakini si angekubali tu wakate?"

"Wakate, halafu acheze densi na nini? Kichwa?"

Wakacheka tena. Mwalimu Rono hakucheka. Alimgeukia Ombati, ambaye wazazi wake walitoka Kisii zamani na wanachuna majani kwenye shamba kubwa la kampuni. "Ombati, baba yako akiambiwa akatwe mkono, atakubali siku hiyo hiyo?"

Ombati akaangalia meza. "Hapana, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Atachuna na nini?"

 Mwalimu akatoa chuma chake cha meno mawili, kile cha kutupa sauti ya kuanzia, akakigonga gotini, kikalia. Tukauimba wimbo wa yule mtu wa fimbo vile hatukuwa tumewahi kuimba kitu. Nikiwa bado juu ya kiti, nikasema moyoni: hii kazi naitaka.

Vyombo vya kazi vilikuwa vichache. Kiti nimeshawaambia. Chuma cha kulia mnakijua, na tafadhali msikitumie kufungua soda. Karatasi kubwa za manila ambazo Mwalimu aliandikia nyimbo kwa kalamu nene, si kwa zile alama za mistari mitano, ila kwa do, re, mi, fa, so, la, ti, kama wanavyoimba watu wa kanisani huku kwetu. Na chombo cha nne kilikuwa mkono wake wa kulia. Kila noti ilikuwa na umbo lake la mkono. Ngumi mbele ya tumbo ni do. Kiganja kilicholala kama meza ni mi. Kidole cha shahada kinachoelekea juu ni ti. Mwalimu aliweza kusimama mbele yetu kimya kabisa, mkono ukatembea hewani, na sisi tukaimba mkono. Wageni walifikiri ni uchawi. Mimi nilifikiri ni mazoezi ya kushika nzi, mpaka nilipozoea.

Ti ilikuwa adui wa alto, wasichana wa sauti ya pili. Ni noti inayokaa chini kidogo tu ya do ya juu, na inataka kupandishwa. Alto wetu waliiacha ilegee kila mara kama sweta ya shule iliyofuliwa na maji moto. Basi kidole cha Mwalimu kingesimama, kikasukuma hewa, panda, panda, na yeye uso umekunjamana kama mtu aliyeuma ndimu. Mimi mwenyewe ni alto. Sina la kujitetea.

Kesi ngumu hazikukosa. Kulikuwa na wale wazee wawili Wajerumani, waliozaliwa mwaka mmoja, wakawa wakubwa wote wawili, na hawakuwahi kukutana. Uzeeni macho yakafifia, na wote wakapasuliwa na daktari mmoja, wa kutembea mji kwa mji. Wote wakabaki vipofu, na mmoja akafa baada ya miezi tu. Niliwaambia kwaya kwamba daktari huyo angekuja Silibwet siku ya soko angekuwa na spika juu ya gari, na dawa ya macho, meno na mapenzi kwa chupa moja. Hiyo ilikuwa rahisi, watu walimjua huyo daktari. Wengine walikuwa wameshanunua ile chupa.

Iliyonishinda ni ya mzee mmoja wa Austria ambaye baada ya kuzikwa, watu walimhonga mchimba kaburi wakaiba kichwa. Walitaka kukipapasa waone akili zilikaa upande gani. Baadaye mwili ukafukuliwa uhamishwe, kichwa hakipo, wezi wakatoa cha mtu mwingine. Leo, baada ya mambo mengi, kaburi lile lina mafuvu mawili. Nilikuwa nimeandaa utani mwingi. Sikufika mbali. Chepkemoi wa soprano alisimama akachukua begi lake.

"Mimi siimbi mtu amefukuliwa," akasema, na akatoka.

Wengine watatu wakamfuata. Nilingoja Mwalimu awakaripie. Mnajua kwetu maiti haichezewi hata kwa maneno, lakini nilifikiri mtu wa muziki wa Wazungu ameshavuka hapo. Alienda mlangoni, akawaangalia wakikata kona ya maktaba.

"Waacheni," akasema. "Ni sawa kuogopa. Wale hawakuogopa ndio walimfukua."

Fundisho lake kubwa nililipata na yule mama wa Kijerumani. Yeye na ndugu yake wa kiume walikuwa na kipaji sawasawa. Baba akamwambia binti kwamba kwake muziki utakuwa pambo tu, na baadhi ya nyimbo zake zilitoka kwa jina la ndugu. Akiwa mazoezini, ameketi kwenye kinanda, akazidiwa, na akafa. Nilikuwa nimejifunza kuonea watu huruma kwa sauti ya redio, basi nikamaliza hivi: "Alikufa akifanya kile alichokipenda."

"Hapana," akasema Mwalimu kutoka nyuma. "Alikufa kwa sababu mshipa ulipasuka kichwani. Sema hivyo."

"Lakini Mwalimu, inakaa vibaya."

"Kifo kinakaa vibaya. Usikivalishe tai. Kama ni kidonda, sema kidonda. Kama ni njaa, sema njaa. Mtu ambaye umemdanganyia kifo chake, hata wimbo wake utaudanganya."

Cherop, hayo maneno uyashike. Mengine yote utayajua mwenyewe.

Nikiwa kidato cha tatu, Mwalimu aliacha githeri, ile mahindi na maharagwe ya shule. Alisema meno. Baadaye akaacha ugali, akasema ni uzee. Halafu tukamwona anakuja na uji kwenye chupa, anakunywa kidogo kidogo, akifunga macho kila anapomeza kama mtu anayemeza ufunguo. Hakuna mtu huku kwetu anayehitaji kuelezwa. Kutoka hapa mpaka Bomet, ni nani hana mjomba au shangazi mwenye saratani ya koo? Tumelelewa tukinywa chai ikiwa bado inachemka, kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya kujivuna, na wazee wanasema ni hiyo, wengine wanasema si hiyo, na watu wanaendelea kufungwa koo. Nilifanya utani mara moja, nikamwambia anakula kama mtunzi. Alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikarudisha uji. Ombati alienda kuchukua tambara bila kuambiwa.

Ijumaa iliyofuata tulikuta manila mpya zimetundikwa ukuta mzima, mwandiko wake, kalamu ile ile nene. Ilikuwa misa ya wafu, kwa Kiswahili, sauti nne. Juu hakukuwa na jina la mtunzi.

Nikapanda kiti. "Mwalimu, hujanipa karatasi. Huyu ni nani?"

"Ni mtu," akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza kama mlango.

"Alizaliwa wapi?"

"Silibwet."

Silibwet ni kwao mwenyewe. Kweli hapo ningeshuka, lakini mdomo wangu una miguu yake.

"Alikufa vipi?"

"Bado," akasema Mwalimu Rono.

Akatueleza bila kupamba. Alikuwa ameenda ile hospitali kubwa upande wa Bomet, na wamemwambia walichomwambia. Wimbo aliuandika miaka mingi, usiku na likizo, na haujaimbwa na mtu. "Kuna mwingine wa Austria, aliyeacha misa yake ya wafu nusu, mwanafunzi wake akaimaliza," akasema. "Hakuisikia. Kuna yule kiziwi, mlisimuliwa habari zake, alisimama mbele ya watu wimbo wake mkubwa ukiimbwa, na ilibidi mwimbaji mmoja amgeuze aone watu wanapiga makofi. Mimi masikio yangu ni mazima. Ni koo tu limefungwa. Nataka kuisikia."

Hilo ndilo alilotaka, na ndilo tulilopewa. Tuliishika misa ile kila siku, si Ijumaa tu. Kwanza kwa do re mi, mpaka tuliweza kuiimba tumefumba macho, halafu kwa maneno. Kabla hatujaimaliza, hakuweza tena kupanda kile kilima cha shule. Wakampeleka nyumbani Silibwet. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa.

Hapa ndipo tulifanya lile kosa, na naliandika ili lisirudiwe na vizazi. Mimi na Ombati tulipanga tumpelekee misa yake nyumbani, Jumamosi, na tufanye kwa heshima. Heshima kwetu ilikuwa gauni. Mnazijua: nyeusi, ndefu, kola nyeupe. Zinatoka kabatini kwa mambo mawili tu, mashindano na mazishi. Basi la shule lilituacha barabarani, na njia ya kwenda kwao inashuka katikati ya majani chai, nyembamba, mtu mmoja mmoja. Kwa hivyo tulishuka kwa mstari, kwaya nzima, tumevaa nyeusi, kimya kwa sababu ya utelezi.

Mama mmoja aliyekuwa anachuna alituona. Akaweka kikapu chini. Akaweka mikono kichwani.

Tulipofika kwa lango, tulikuta watu wameshatutangulia kwa njia za mkato. Mmoja na jagi la maziwa. Mmoja na mzigo wa kuni. Bibi mmoja mzee alikuwa ameketi kwenye nyasi, anamlilia Mwalimu Rono, na Mwalimu Rono yuko ndani, dirisha liko wazi, anasikia jinsi alivyokuwa mtu mzuri.

Mlango ulifunguka akatoka kaka yake mkubwa, Mzee Koske, na rungu. Alikuwa ameacha ng'ombe wake huko Chebunyo aje kumwuguza ndugu yake.

"Nani amekufa?" akauliza.

Tukaangalia gauni zetu.

"Nimeuliza, nani amekufa kwangu na mimi sijui?"

"Hakuna, mzee," akasema Ombati.

"Sasa hizi kanzu?"

"Sisi ni kwaya, mzee. Tumekuja kumwimbia Mwalimu wimbo wake."

"Wimbo gani?"

Ombati akanyamaza, ana akili. Mimi nikasema, "Misa ya wafu."

Yule bibi aliacha kulia ili asikie vizuri.

Mzee Koske hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Wimbo wa kaburi hauimbwi mtu akipumua," akasema. "Nyinyi watoto mnaita nani? Ee? Mnaita nani aje hapa?" Akainua rungu, si kutupiga, kutuonyesha njia. "Rudini na hizo vitu zenu."

Tulirudi. Mwenye kuni alisimama bila kujua kama mzigo ni wa kuacha au wa kurudisha. Mke wa Mwalimu alitoka, macho mekundu, akalichukua lile jagi. "Lete tu," akasema. "Maziwa ni maziwa."

Kulikuwa na wiki moja mbaya. Soprano walisema ni laana, besi walisema ni bahati mbaya, mimi sikuwa na utani. Halafu mke wa Mwalimu akapiga simu shuleni. "Huyu mtu anataka kuwaona," akasema. "Mzee amekubali mje kusalimia. Kusalimia tu. Na mkija na zile kanzu, mimi mwenyewe nitawafukuza."

Tulienda na yunifomu na mabegi, tumekwangua matope viatuni kabla ya kuingia. Nyumba ilikuwa ndogo kuliko kwaya. Wengine walisimama sebuleni, wengine nje ya dirisha. Mzee Koske aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa chumba, rungu magotini. Mwalimu alikuwa amelala kwa ubavu, na chini ya blanketi hakukuwa na mtu mwingi. Tulisalimia mmoja mmoja, tukamaliza, na hatukujua la kufanya na mikono yetu.

Halafu mkono wake ukatoka. Ulikuwa mwembamba, umebaki mifupa na yale maumbo yake ya noti tu. Akaufunga ngumi.

Sidhani Ombati aliamua kitu. Ukioneshwa ngumi ile miaka mitatu, koo lako halikuulizi. Akaimba, chini kabisa: "Do."

Mkono ukalala kama meza. Tenor wakaingia. "Mi." Mkono ukapanda, sisi tukapanda nao, na tulikuwa tumefika mstari wa pili kabla sijatambua tunachoimba. Ilikuwa yenyewe. Misa yake, tangu mwanzo, bila neno hata moja.

"Hiyo ni nini?" Mzee Koske akauliza.

Tukanyamaza. Mkono ukabaki hewani.

"Ni do re mi, mzee," akasema Ombati. "Ni somo la muziki."

Mzee akamwangalia. Akaniangalia mimi, mdomo mkubwa, kwa muda mrefu zaidi. Si mjinga yule mzee. Msimwone ni mtu wa ng'ombe. Akamwangalia ndugu yake kitandani, na Mwalimu naye akamwangalia, na sikuwahi kuona watu wawili wakibishana bila kusema kitu kama wale.

"Kuna jina la mtu ndani?" akauliza.

"Hakuna, mzee."

"Kuna mtu anaitwa?"

"Hakuna mtu anaitwa. Ni noti tu."

Akalaza rungu sakafuni. "Basi someni," akasema. "Mtoto hafukuzwi darasani."

Tukaiimba yote. Mvua ya mchana ilianza kwenye mabati, wale wa dirishani wakalowa, hakuna aliyesogea. Tulipofika ile sehemu ya ombi la mwisho, alto tukafika kwenye ti, na ti ikalegea. Hata siku ile. Kidole kikasimama. Kikasukuma hewa. Panda. Akatusimamisha wote, akatuweka mwanzo wa mstari. Ikalegea tena. Kidole. Mwanzo wa mstari. Alikuwa hana nguvu ya kumeza mate, lakini nguvu ya kukasirikia alto alikuwa nayo, na uso wake ulikuwa ule wa ndimu, na nilifurahi kuuona kuliko vile ningefurahi kuona machozi. Mara ya mwisho tulipanda. Mzee Koske alikuwa ameinamia mbele kwenye kigoda, anaangalia kile kidole, si sisi.

Mkono ukafunga ngumi, do, ukabaki hapo mpaka sauti ikaisha, ukashuka.

Nilikuwa karibu na kichwa chake. Alisogeza midomo, nikainama. Kuna watu walinisumbua baadaye niwaambie neno la mwisho alilosema kwangu, wakitarajia Zaburi. Alisema, "Alto."

Alikufa wiki iliyofuata.

Kabla ya mazishi nilienda kwao nikaketi jikoni na mke wake, nikauliza maswali yangu ya kazi, alizaliwa wapi, alikula nini. Akanijibu yote akimenya viazi. Siku yenyewe kulikuwa na hema, spika, waheshimiwa, na mpwa aliyesoma historia ya marehemu: shule, vyeti, vyeo. Ilisemwa kwamba aliugua kwa muda mfupi. Ilisemwa alilala kwa amani. Tulikuwa tumeketi nyuma na gauni zetu, na sasa hazikumshtua mtu.

Halafu Mzee Koske akachukua kipaza sauti. "Kuna mtoto anasimamanga juu ya kiti," akasema. "Yuko wapi?"

Nikapanda kiti cha plastiki. Miguu yake ikaanza kuzama kwenye matope, pole pole, upande wa kushoto kwanza.

"Kulikuwa na wavulana wawili," nikasema, "na baba yao, na ng'ombe. Ng'ombe wanataka mtu mmoja wa kuchunga. Mdogo alikuwa amesikia kinanda kanisani, akarudi nyumbani akipiga meza na vidole mpaka wakamwona ana shida. Shule ilipofunguliwa, mkubwa alichukua fimbo ya kuchungia, akamwambia mdogo aende. Mkubwa hakurudi darasani tena. Mdogo akajifunza do re mi, akafundisha watoto wa watu maisha yake yote, akaandika misa kwa kalamu nene. Hakuwa mpole. Alichukia alto."

Kwaya ikatoa sauti, si kicheko kabisa.

"Alikufa kwa njaa," nikasema. Niliona pastor akiinua kichwa. "Uji ulikuwepo, na maziwa yalikuwepo, na chai tunayochuna wenyewe ilikuwepo mezani. Koo lilikuwa limefungwa na ugonjwa. Alisikia wimbo wake kabla hajafa. Wengi wa wenzake hawakusikia."

Nikanyamaza, kwa sababu baada ya hapo ni kazi ya kwaya. Wakataja jina lake. Si kama kuita ng'ombe.

Nikashuka kitini nikaenda kwa alto, na Ombati akagonga chuma gotini. Hakukuwa na mkono mbele yetu. Tuliimba na maneno yote, kila neno lililokatazwa, sanduku lake likiwa kwenye kamba za kulishusha kaburini. Tulienda vizuri mpaka lile ombi la mwisho. Nilisikia ti ikija, nikasikia koo za kina sisi zikianza kulegea, na kwaya nzima, bila mtu kuambiwa, ikainua macho kutafuta mkono.

Upande wa pili wa kaburi, Mzee Koske alikuwa ameweka rungu chini. Uso wake umekunjamana kama mtu aliyeuma ndimu. Kidole chake cha shahada kilisimama hewani, kikisukuma. Pastor alifikiri mzee anaomba, akasema amina, kila mtu na kazi yake.

Alto wakapanda.